Njia ya Mpira wa Breki

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta humu habari za vina na mizani, za ngeli za majina, na za vitabu vipya. Leo twawaomba watufuate hadi kwenye kibanda cha fundi wa pikipiki mjini Gitega, penye vumbi jekundu na harufu ya grisi. Tuliyoyaona pale yahusu kazi moja tu, nayo ni kuupitisha mpira mpya wa breki ya nyuma katika pikipiki ambayo haikuumbwa kwa mpira huo. Lakini kazi ile ilitulazimisha kutafuta maneno, na kutafuta maneno ndiyo kazi yetu. Basi hatuoni kuwa tumetoka nje ya mipaka ya chama cha walimu.

Sisi tulio wawili twafundisha somo moja, na pikipiki yetu ni ya shirika. Mmoja wetu ana darasa Gitega, mwingine Muyinga, na mitihani na vitabu huzunguka kati ya miji hiyo miwili juu ya magurudumu mawili. Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi za Burundi katikati ya miaka ya 2000, pamoja na Kiingereza, juu ya Kirundi na Kifaransa vilivyokuwapo. Na tarehe 1 Julai 2007 nchi ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu hapo mwalimu wa Kiswahili ni mtu wa njiani, kwa kuwa kitabu kimoja aghalabu hungojewa na shule tatu. Njia yetu hutoka Gitega, huvuka mto Ruvubu, hupita Karuzi, hufika Muyinga. Atakayeendelea mbele atafika Kobero, na ng'ambo ya Kobero ni Kabanga ya Tanzania. Ni nchi ya vilima. Gitega yenyewe iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu akitoka hapo hana budi kushuka kabla hajapanda.

Kuna mteremko mkubwa kuliko yetu upande wa pili wa nchi, kutoka Bugarama hadi Bujumbura, ambako msafiri hushuka zaidi ya mita 1,300 katika mwendo wa kilomita zipatazo 35. Kila apitaye pale amewaona vijana wa baiskeli wenye mikungu ya ndizi, wakipanda kwa kushikilia nyuma za malori na wakishuka kwa kasi ya kutisha, soli ya kiatu ikisaidia breki. Wengi wamekufa katika barabara ile. Vilima vya Karuzi ni vipole kuliko hivyo, lakini navyo havimwombi mtu ruhusa ya kumteremsha.

Pikipiki nyingi zichukuazo abiria Gitega zina breki ya nyuma ya drumu: mguu hukanyaga, fimbo ya chuma huvuta, viatu vya breki hutanuka ndani ya drumu na kulikaza gurudumu. (Drumu ni ngoma, bila shaka. Lakini hapa tupo mwendo mfupi kutoka Gishora penye ngoma za wafalme, na katika Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni ufalme. Tulipomwambia fundi kwamba kopo lile la chuma laweza kuitwa ngoma ya breki, aliangua kicheko, kisha akatazama huku na huku kama asikiwaye.) Yetu ni ya namna nyingine. Ni pikipiki ya barabara mbovu, yenye injini ya sentimita za ujazo 250, na breki zake zote mbili ni za diski. Mguu ukanyagapo, pistoni ndogo husukumwa ndani ya silinda kuu iliyo karibu na kifundo cha mguu wa kulia. Kimiminiko hutoka humo, hupita katika mpira, hufika kwenye kalipa. Nayo kalipa huiminya diski kwa pedi mbili.

Kanuni hiyo ni ya kale. Mfaransa Blaise Pascal aliieleza katika karne ya 17: shinikizo litiwalo katika kimiminiko kilichofungiwa huenea pande zote bila kupungua. Magari yalianza kuitumia kwa breki katika miaka ya 1920. Pikipiki zilichelewa, na Honda CB750 ya mwaka 1969 ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza kuundwa kwa wingi ikiwa na breki ya diski ya namna hiyo kwa gurudumu la mbele.

Hesabu yake twaweza kumwandikia mwanafunzi ubaoni. Tuseme pistoni ya silinda kuu ina kipenyo cha milimita 13, na ile ya kalipa milimita 26; eneo la pili ni mara nne ya la kwanza. Tuseme tena kwamba kanyagio, kwa kuwa ni wenzo, huzidisha nguvu mara nne. Mguu ukibonyeza kwa uzito wa kilo 20, pistoni ndogo husukumwa kwa kilo 80, na pistoni kubwa husukuma kwa kilo 320. Wakati huo, ndani ya mpira, shinikizo hufikia kilo 60 kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la pikipiki hubeba kiasi cha kilo mbili. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mpira wa breki uliopasuka waweza kuungwa kwa kipande cha bomba la kumwagilia bustani na waya wa kufungia, mwoneshe hesabu hiyo, kisha urudi nyumbani kwa miguu.

Pikipiki hii ilitufikia ikiwa imekwisha kuwatumikia watu wengine. Mmoja wao, kwa kutaka ichukue magunia, aliamuru uondolewe mkono wake wa nyuma, yaani ule uma wa chuma ulishikao gurudumu na kucheza nalo juu na chini, ukawekwa mwingine mrefu zaidi kwa sentimita sita. Gurudumu likarudi nyuma, kalipa ikaenda pamoja nalo, mpira wa breki ukabaki na urefu wake wa kiwandani. Karakana iliyoifanya kazi hiyo haikutafuta mpira mwingine. Iliutoa ule wa zamani katika vishikizo vyake vya juu ya mkono, ikaupitisha chini kwa njia ya mkato, ikaufunga kwa vipande vya tyubu. Kwa macho ulitosha. Pikipiki ikiwa imesimama, hakuna ambaye angeona kasoro.

Mwezi Machi 2024, katika asubuhi ya mvua, tulikuwa tukishuka kuelekea Ruvubu, sote wawili juu yake, katikati yetu mfuko wa madaftari ya Muyinga. Mguu ulikanyaga usikute kitu. Magazeti husema kwamba breki zilikatika, au zilifeli. Mguu haujui neno lolote kati ya hayo, hujua tu kwamba kanyagio limekuwa jepesi kama jani. Breki ya mbele peke yake, juu ya lami yenye maji na matope, si ya kuaminiwa: ukiibana mno, gurudumu la mbele huteleza na chombo hulala. Aliyekuwa mbele alishusha gia hadi ya pili, kisha ya kwanza, injini ikapiga kelele. Aliyekuwa nyuma akayakumbatia madaftari. Tulisimama ndani ya mfereji wa upande wa kulia, hatua chache tu kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akivuka na mtoto mgongoni. Hakuna aliyeumia. Mama yule alitutazama, akasema "Mana yanje!", akaenda zake.

Tulipoinama kutazama, tuliona jinsi mambo yalivyokuwa. Kila mara tulipobeba mzigo, gurudumu lilipanda, mpira ukalegea, ukaning'inia hadi kulisugua tairi. Na kila mara gurudumu lilipotumbukia shimoni, mpira ule ule ulikazwa kama uzi wa zeze. Ulikuwa umelika upande mmoja na kuchoka upande mwingine. Siku ile ulimaliza kazi zote mbili.

Fundi tuliyempelekea ni mtu wa makamo, mzaliwa wa mtaa wa Waswahili wa Gitega. Kiswahili chake ni cha huku: breki kwake ni feri, bomba ni tiyo, petroli ni esansi, dizeli ni mazutu. Wako walimu ambao wangeanza kwa kumsahihisha. Sisi hatukuona sababu. Maneno yake yalitoka Kifaransa kama vile yetu yalivyotoka Kiingereza; wote ni wageni waliofika kwa meli, tofauti ni bendera tu.

Kitu cha kwanza alichokifanya hakikuwa kupima. Aliufungua mlango wa kibanda chake, akamwambia mmoja wetu aushike ukingoni, kwenye kitasa, na mwingine aushike karibu na bawaba.

"Sasa naufunga, bwana mwalimu. Nani kati yenu atatembea zaidi?"

Aliyeshika kitasa alitembea hatua mbili. Aliyesimama penye bawaba aligeuza bega tu.

"Basi, tiyo yenu ipite kwa huyu," akasema, akimgusa wa penye bawaba.

Tumesoma maelezo mengi ya mitambo, lakini sijui kama yapo yaliyo mafupi kuliko hayo, twasema bila kutia chumvi. Silinda kuu imefungwa kwenye fremu, nayo haichezi. Kalipa imefungwa kwenye mkono wa nyuma, nayo hucheza pamoja na gurudumu. Mpira hauna budi kuvuka mahali fulani kutoka upande usiocheza kwenda upande unaocheza, na suala zima la njia yake ni mahali hapo pa kuvukia. Ukivukia mbali na egemeo la mkono, mpira huvutwa na kulegezwa kwa kila shimo la barabara. Ukivukia karibu kabisa na egemeo, mpira haunyooki wala haulegei sana. Hujipinda tu, kama kifundo cha mkono cha mtu anayeandika. Na mpira umeumbwa kujipinda. Haukuumbwa kuvutwa.

Baada ya hapo ndipo alipopima. Aliitoa shokomzoba ili gurudumu liweze kwenda popote linapoweza kwenda, jambo ambalo karakana ya kwanza haikulifanya. Akachukua kamba ya katani, akaifunga kwenye tundu la silinda kuu, akaipandisha nyuma ya bamba la kuwekea mguu, akaipitisha juu ya egemeo, akailaza juu ya mkono mpaka kwenye kalipa, ikiwa mbali na tairi kwa upana wa vidole viwili. Akalishusha gurudumu hadi mwisho, akafunga fundo. Akaliinua hadi mwisho kwa kulitegemeza juu ya sanduku la soda, akafunga fundo la pili. Kati ya mafundo hayo hapakuwa na hata sentimita mbili. Kisha, kwa ajili yetu sisi wapenda mifano, akaipitisha kamba kwa ile njia ya chini ya zamani, akarudia yote. Safari hii tofauti ilizidi sentimita nne. Hizo ndizo zilizotufikisha mfereji wa Ruvubu.

Fundo la mbali lilikuwa kwenye sentimita 61. Fundi akaongeza tatu. Tulimwuliza kwa nini asiongeze kumi, ili tuwe salama zaidi, akatikisa kichwa. Mpira uliozidi nao ni hatari. Hutafuta pa kulala, na katika upande wa kulia wa pikipiki hii pana bomba la moshi lililo jirani mno. Tena mtu mwenye mpira mrefu hushawishika kuupandisha juu kwa pindo zuri la kupendeza macho, na hewa hupenda kileleni; ikikaa pale katika pindo, haitoki hata ukiikanyagia kutwa nzima. Kimiminiko hakibanwi, lakini hewa hubanwa. Mguu ukanyagapo juu ya hewa, nguvu yake yote huishia katika kuiminya hewa ile, na diski haipati habari.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya joto, maana ndilo watu wengi wa huku walidharaulio kwa sababu ya baridi yetu ya milimani. Kimiminiko cha breki cha daraja la DOT 4 kikiwa kipya hakichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini kina tabia ya kunywa unyevu wa hewani, na baada ya kuunywa kiwango hicho chaweza kushuka hadi kukaribia nyuzi 155, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa kwa kimiminiko kilicholowa. DOT 3 huanzia chini zaidi, 205 kikiwa kipya na 140 kikiwa kimelowa. Mtu ashukaye kilima kirefu mguu ukiwa haujaondoka kwenye kanyagio huipasha kalipa moto. Maji yaliyomo yakichemka huwa mvuke. Na mvuke, kwa mguu, ni sawa na hewa. Mwenye nchi ya mvua za miezi tisa na vilima vya miezi kumi na miwili na akumbuke kukibadilisha kila baada ya miaka miwili.

Mpira wa namna tuliyoitaka haukupatikana Gitega. Ulipaswa kutengenezwa Bujumbura, kwa watu wakazao vichwa vya chuma kwenye mipira ya mashine. Nao mwaka 2024, kama kila mkazi wa Burundi ajuavyo, ulikuwa mwaka wa uhaba wa esansi. Magari yalipanga foleni siku na siku, na kuipeleka pikipiki mbovu Bujumbura juu ya gari ilikuwa ndoto. Kwa hiyo yule wa Bujumbura angeutengeneza mpira wa chombo asichokiona, kwa kuitegemea barua peke yake. Tuliiandika pamoja kibandani, sisi tukishika kalamu, fundi akishika shaka.

Barua ile ilituchukua mchana mzima, na ilikuwa na sentensi kumi na moja. Tuliposema mpira uwe na urefu wa sentimita 64, fundi akauliza: kutoka wapi hadi wapi? Kutoka ncha hadi ncha, au kutoka katikati ya tundu la kichwa kimoja hadi katikati ya tundu la kichwa cha pili? Tofauti yake ni upana wa kidole gumba, nao upana huo ndio uliokuwa akiba yetu yote. Tukaandika: katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Tuliposema bolti iwe ya milimita 10, akauliza: nyuzi zake je? Zipo bolti za 10 ambazo umbali kati ya uzi na uzi ni milimita 1.25, na zipo za milimita 1 kamili. Kwa macho ni pacha. Ukiitia ya namna moja katika tundu la namna nyingine huingia mizunguko michache kisha hugoma, na mwenye misuli huendelea kuikaza hadi ameiua silinda. Yetu ilikuwa ya 1.25. Tukaandika.

Lakini pagumu palikuwa mbele. Vichwa viwili vya mpira havitazami upande mmoja. Kile cha silinda kuu hutazama juu, na kile cha kalipa kimegeuka robo ya duara. Vikikazwa vibaya, mpira utafungwa ukiwa umesokotwa, na mpira uliosokotwa hutafuta kujisokotoa kila siku mpaka siku utakapolegeza bolti au kujipasua shingoni. Kimegeuka upande gani? Wa kulia, tukasema. Kulia kwa nani? Kwa mtu aliyeketi juu ya pikipiki, au kwa mtu aliyesimama nyuma yake, au kwa yule wa Bujumbura aliyeushika mpira mezani bila kujua ncha ipi ni ya mbele?

Fundi alipendekeza mfano wa saa: kichwa kimoja kiwe kwenye kumi na mbili, cha pili kwenye tatu. Kwa dakika moja tulifurahi. Kisha tukatazamana. Saa tatu ni ipi? Katika Kiswahili, na katika Kirundi vilevile, saa tatu ya asubuhi mkono wa saa huelekea tarakimu ya 9. Mwenye kusoma barua kwa masikio ya Kifaransa angekigeuza kichwa upande wa kulia. Mwenye kuisoma kwa masikio ya Kiswahili angekigeuza kushoto. Na kila mmoja angekuwa amesoma sawasawa. Twafundisha saa hizo kila mwaka, twatahini wanafunzi juu yake, twacheka wageni wazikoseapo, wala hatukupata kufikiri kwamba tofauti ya saa sita yaweza kukaa shingoni mwa mpira wa breki. Mfano ule tuliuacha. Tukaandika hivi: "Ushike mpira mbele yako, kichwa cha silinda kuu kikiwa karibu na kifua chako na tundu lake likitazama dari. Kichwa kilicho mbali nawe, tundu lake litazame ukuta ulio upande wa mkono wako wa kulia." Fundi akachukua kipande cha kamba chenye makaratasi mawili nchani, akampa kijana mwanafunzi wake, akamsomea barua akiwa amempa mgongo. Kijana akaligeuza karatasi vilivyo. Hapo barua ikafungwa.

Katika madarasa yetu twazoea kuwapa watoto insha za "Safari Yangu ya Likizo" na "Faida za Miti". Hatuzikatai. Ila tangu siku ile tumewapa pia insha ya namna ya kumwelekeza mtu kufunga kitu asichokiona, na tumegundua kwamba wale wenye misamiati mikubwa si ndio wapatao alama nyingi.

Mpira ulifika baada ya majuma matatu, ndani ya bahasha, katika basi. Vichwa vilikuwa sahihi. Ulikuwa wa ile namna iliyofumwa kwa nyuzi za chuma cha pua, na fundi alipoupitisha kidole aliguna. Nyuzi hizo ni imara lakini ni msasa, hula rangi, hula aluminiamu, hula hata waya za taa zilizo jirani. Akaupasua mrija laini wa plastiki kwa urefu, akauvisha popote ulipopita kando ya chuma. Akaufunga kwa vishikizo vitatu juu ya mkono na kimoja kwenye fremu. Pale pa kuvukia, juu ya egemeo, hakuufunga kabisa. Aliuacha huru kwa upana wa kiganja, maana hapo ndipo unapofanya kazi yake ya kujipinda. Kila upande wa kichwa akatia washa ya shaba nyekundu, mpya, kwa kuwa washa hiyo hujibonyeza ikikazwa na haijibonyezi vizuri mara ya pili. Akaurudisha uzito juu ya gurudumu, akatufanya tukae sote wawili na kurukaruka kama watoto juu ya kitanda, yeye akiwa amelala chini akitazama. Mpira haukugusa kitu. Tangu wakati huo tumeukagua kila mwisho wa mwezi, na zile alama za chaki alizoziweka kando ya vishikizo bado ziko mahali pake.

Likabaki jambo la kujaza. Fundi, akiwa bado chini, alimwita yule kijana: "Lete mafuta." Kijana akaja mbio na chupa ya nusu lita iliyokuwa na mafuta ya injini. Fundi akaruka, kichwa kikagonga chuma, akaitwaa ile chupa kabla haijafunguliwa. Alikuwa na haki ya kuruka. Mafuta ya injini yakiingia katika breki ya namna hii, raba zote za ndani huvimba. Pistoni hukwama, breki hushika bila kuachia au huachia bila kushika, na hakuna dawa ila kuvunja kila kitu na kutupa raba zote, ule mpira mpya ukiwa miongoni mwao ikiwa na wenyewe umeumbwa kwa raba isiyoyavumilia.

Kijana hakuwa na kosa. Neno lilikuwa moja. Kiswahili chetu huyaita mafuta yale ya kupikia, na yale ya taa, na ya kujipaka, na ya injini. Huko Tanzania hata petroli ni mafuta, na kituo chake ni kituo cha mafuta, ambapo Warundi wana neno lao igitoro. Na kile kilichomo katika breki si mafuta hata kidogo. Ni kemikali ichanganyikayo na maji, na ndiyo sababu hunywa unyevu, wakati mafuta ya kweli huyakimbia maji. Basi neno letu si pana tu, bali lina uongo ndani yake, na uongo huo uko katika mkono wa kila kijana anayetumwa chupa.

Tuliketi juu ya sanduku la soda tukalijadili suala hilo kama walimu wafanyavyo, fundi akitungoja kwa adabu. BAKITA ilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu mwaka 1974, na tangu wakati huo tumekuwa na desturi ya kudhani kwamba istilahi ipo mahali fulani, imekwisha kusanifiwa, yangoja tu kutafutwa. Mmoja wetu alipendekeza giligili. Mwingine akapinga: katika fizikia giligili hukusanya vimiminiko na gesi pamoja, na breki huua pale hasa gesi inapoingia, neno lisilotofautisha viwili hivyo halitufai. Kimiminiko cha breki ni sahihi, lakini ni refu kwa mtu aliyelala chini ya pikipiki. Maji ya breki ni fupi, na mtu atatia maji.

Mwishowe tukachukua kalamu ya wino mzito. Kwenye chupa mbili tukaandika MAFUTA YA INJINI na MAFUTA YA SHOKOMZOBA. Kwenye kopo la tatu, lililokuwa na maandishi ya lugha tano na hata moja isiyosomeka kwa kijana yule, tukaandika kwa herufi kubwa: YA FERI TU. SI MAFUTA. Kijana akasoma polepole, kidole kikifuata herufi.

"Kama si mafuta, bwana mwalimu, ni nini?"

Fundi alikuwa amekwisha kuishika nipeli ya kutolea hewa kwa spana ya 8. Akatujibia yeye, kutoka chini: "Kanyaga kwanza. Shikilia. Usiachie mpaka niseme."